Kadi Moja kwa Nyumba Nne

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, nje ya duka la Mizani, pale barabara inapokata kona kabla ya kupanda kwenda supamaketi. Kila asubuhi Mizani hulifuta kwa kitambaa kabla hajafungua dirisha la duka lake, kisha wenyewe hufika mmoja mmoja, kila mtu na nafasi yake, na ole wake atakayekalia ya mwenzake. Ukutani hukaa Asilimia, karani mstaafu wa shule, ambaye hawezi kukwambia ana njaa bila kukutajia ni kiasi gani kwa mia. Katikati hukaa Breki, dereva wa lori aliyestaafishwa na mgongo, bingwa wa methali, ingawa methali zenyewe humfikia zikiwa zimepata ajali njiani. Mwisho wa ubao, penye kimeza cha kioo, hukaa Fundi Saa, anayetengeneza saa za watu ambao siku hizi wanaangalia saa kwenye simu. Mkabala nao yupo Dada Birika na jiko lake la mkaa, vikombe kumi na viwili na ulimi usioogopa mkubwa wala mdogo. Naye Mizani jina lake alipewa na mtaa: akipima sukari, mshale ukishasimama huongeza kijiko kimoja juu, na mpaka leo hakuna anayekumbuka mama yake alimwitaje.

Asubuhi hiyo Fundi Saa alifika wa mwisho, akitokea upande wa juu, na mfuko wa nailoni aliousukuma haraka chini ya kimeza chake. Roho ilikuwa imemsinyaa. Alikuwa na habari ambayo wenzake hawakuwa nayo, na njia nzima ya kushuka kilima alikuwa akitafuta maneno ya kuisemea akayakosa.

Mambo yalianza miezi minane nyuma, friji ya Mizani ilipokufa. Fundi wa friji aliifungua, akaifunga, akasema mashine imeungua, afadhali kununua nyingine. Mizani akaweka magunia matupu juu yake. Maziwa baridi na soda zikaisha dukani, na waliokuwa wakisimama pale kwa ajili ya kiu wakaanza kupita bila kugeuza shingo. Benchi likakaa kikao siku Mizani alipokwenda kung'oa jino. Kuchanga hela kulishindikana, maana kila mfuko ulikuwa mkavu. Ndipo Asilimia akaja na akili yake: supamaketi inatoa pointi kwa kila unachonunua, na katika orodha ya zawadi kuna friji ndogo ya pointi elfu arobaini. Nyumba nne zitumie kadi moja, iandikwe kwa namba ya simu ya Fundi Saa, kwa kuwa yeye amezoea kutunza vitu vidogo. Kununua si tunanunua tu, alisema, basi friji itakuja bure. Mizani asiambiwe neno mpaka siku itakaposhushwa mlangoni kwake. Ili waweze kuizungumzia akiwa karibu, friji wakaiita bibi harusi, na pointi wakaziita mahari.

Benchi lilikuwa halijawahi kupata wazo zuri kama hilo. Siku ile Fundi Saa alitokwa na machozi, tena mbele za watu, na hakuona haya.

— Umechelewa leo, alisema Breki. Saa yako mbovu?

— Mganga hajigangi, alisema Dada Birika, akimpa kikombe.

Fundi Saa alipokea. Ndani ya duka ilisikika sauti ya vitu vikisogezwa, maboksi na makopo, lakini Mizani mwenyewe hakuonekana dirishani.

Breki alisogea, akashusha sauti.

— Haya, bibi harusi anakuja lini?

— Mahari... alianza Fundi Saa, kisha akanywa kahawa ikamuunguza ulimi.

— Mwezi jana tulikuwa elfu thelathini na moja, alisema Asilimia. Hiyo ni asilimia sabini na saba na nusu. Leo lazima tumevuka themanini na tano.

Fundi Saa akaona apitie uchochoroni kwanza.

— Hebu niwaulize, jamani. Hizi pointi zinamwokolea mtu hela kweli, au tunapigwa changa la macho?

— Swali gani hilo asubuhi yote hii? alisema Asilimia. Ukinunua sabuni hapa dirishani unapata sabuni. Ukinunua kule unapata sabuni na pointi. Sasa kimoja na viwili, kipi kingi?

— Punguza sauti, alisema Dada Birika. Mwenyewe yumo ndani.

— Haba na haba hujaza kibaba, alinong'ona Asilimia.

— Na huyo mwenye kibaba mnamjua? aliuliza Breki. Mimi nimepeleka mizigo kwenye maghala yao miaka ishirini na sita. Hakuna cha bure mle ndani. Hata panya analipa.

— Panya analipa nini?

— Roho yake.

— Mimi niseme langu, alisema Dada Birika. Pakiti ya sukari ya kule nikiimimina kwenye kopo langu haifiki kwenye mstari. Ile ya humu ndani ilikuwa inaupita mstari. Na bei ni hiyohiyo, au ya kule inazidi kidogo.

— Sasa mbona unanunua kule? aliuliza Breki.

— Si kwa ajili ya bibi harusi! Nyinyi si ndio mlioniambia?

— Hiyo ni hasara ndogo, alisema Asilimia. Mbili kwa mia. Tatu ukiwa na roho mbaya.

— Na kilima je? Napanda na kushuka na kilo ishirini. Viatu vyangu umeviweka wapi kwenye hesabu yako?

— Viatu havimo kwenye hesabu.

— Miguuni mwangu vimo.

Breki alicheka, kisha mgongo ukamkumbusha asicheke sana.

— Na kuna jingine, alisema. Ukienda kununua sabuni unarudi na sabuni tu? Binti yangu alikwenda na karatasi ya vitu vinne, akarudi na kumi na moja. Nikamuuliza hiki kidude cha kumenyea viazi cha nini, sisi hatuna kisu? Akaniambia, baba, kina pointi mara mbili. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hununua vya pointi.

— Wahenga hawakusema hivyo, alisema Asilimia.

— Hawakuwa na supamaketi. Wangesema.

Dirishani alitokea mama mmoja akiwa na kitenge kichwani, akanunua yai moja na chumvi. Mizani alimhudumia, akamfungia yai kwenye gazeti kwa uangalifu, akamwambia asante, mama, karibu tena. Kisha akachungulia nje.

— Wazee, mnabishania nini leo?

— Mpira, walisema watatu kwa mpigo.

— Haya, alisema Mizani, akarudi ndani. Fundi Saa aliona kwamba rafu iliyo nyuma yake ilikuwa nyeupe, haina kitu. Wiki iliyopita palikuwa na mafuta ya kupikia pale.

— Umeona rafu? aliuliza.

— Anapanga upya, alisema Asilimia. Bibi harusi akija maziwa yatarudi, na watu watarudi. Fundi, tutajie mahari basi. Mbona unajizungusha?

Fundi Saa alitoa simu badala ya kujibu. Alikuwa na ujumbe wa supamaketi, na aliona ni rahisi kuanza na huo kuliko na ile habari iliyomchoma.

— Sikilizeni. "Mteja wetu mpendwa, tumeona unapenda sukari, nepi, dawa ya mgongo, wembe na rangi nyeusi ya nywele. Tumekuandalia punguzo."

Kila mtu akatafuta kilicho chake.

— Dawa ya mgongo ni yangu, alisema Breki.

— Nepi ni za mjukuu wako pia, alisema Dada Birika. Sukari yangu. Rangi ya nywele ya nani?

Asilimia aliangalia barabarani. Nywele zake zilikuwa nyeusi kupita umri wake.

— Ya mke wangu, alisema.

— Mnaona? alisema Breki. Kule juu kuna kompyuta inadhani Fundi Saa ni mtu mmoja. Mzee mmoja anakula kilo ishirini za sukari kwa mwezi, anavaa nepi, mgongo unamuuma, na bado anapaka nywele rangi atoke! Siku moja watamletea gari la wagonjwa. Watamchukua wakampime.

— Wanipime nini?

— Wakupasue wakuone ndani. Mtu kama huyo ni maajabu. Na mimi nawaambia, wanauza hizi habari. Kuna mahali wanajua leo hii nani mtaani kwetu anaumwa, nani ameachika, nani atakufa mwezi ujao. Ukianza kununua uji tu, bila nyama, bila viungo, jeneza lako linakatwa mbao.

— Acha mambo yako, alisema Dada Birika, lakini hakucheka.

— Na kuna maneno ya mwisho, alisema Fundi Saa. "Hongera. Wewe ni mmoja wa wateja wetu wakubwa wa mwezi."

— Si umeona! Asilimia alipiga goti lake. Mteja mkubwa! Mteja mkubwa hawezi kunyimwa friji.

Basi hapo Fundi Saa akaona hakuna uchochoro uliobaki.

— Friji hakuna, alisema.

— Hakuna vipi?

— Nimetoka huko sasa hivi. Pointi zinakufa. Mara mbili kwa mwaka wanafagia zote zilizopita miezi sita. Wamefagia juzi. Zimebaki elfu ishirini na sita. Na friji imepanda, sasa ni elfu hamsini na tano.

Asilimia alianza kuhesabu kwa vidole juu ya goti.

— Ishirini na sita kwa hamsini na tano... arobaini na saba nukta... Akaacha. Miaka yote ya benchi hakuna aliyewahi kumwona Asilimia akiacha hesabu njiani.

— Waliandika wapi kwamba zinakufa? aliuliza polepole.

— Nyuma ya fomu. Keshia alinionyesha. Maandishi yenyewe nilivaa kioo changu cha kutengenezea saa ndipo nikayaona.

— Aliye juu mngoje chini, alisema Breki. Bei itashuka tu.

— Itashuka, na sisi tutakuwa tumefagiwa tena. Tukikaribia wanafagia, tukikaribia wanafagia.

— Hazifi, alisema Breki ghafla, na macho yake yalikuwa yamewaka. Pointi hazifi. Kitu ulichokipata kwa unga na sabuni kitakufaje? Zinahamishwa. Mle supamaketi mmeona zile ngazi zinazopanda zenyewe? Mmeona taa zinawaka mchana kweupe? Mlango unaojifungua bila mtu kuugusa? Hizo ndizo pointi zetu. Wanachomea taa mafuta yetu ya kupikia. Na kuna mtu, nawaambia, kuna mtu amekaa chumba cha baridi, shati jeupe, hajawahi kununua hata kiberiti, anazinywa kwa mrija. Ndiyo maana wengine hawazeeki.

— Breki, hebu basi, alisema Dada Birika. Fundi, na huo mfuko chini ya meza yako ndio nini?

Wote wakauinamia. Fundi Saa aliusogeza kwa mguu, kisha akaona haina maana. Akautoa. Ndani mlikuwa na boksi, na ndani ya boksi glasi sita na jagi, kila kimoja na jina la supamaketi ubavuni kwa rangi nyekundu.

— Keshia alisema kwa elfu ishirini na sita naweza kuchagua birika la umeme au hizi. Nisipochukua, mbele zitafagiwa nazo. Nikasema mkono mtupu haulambwi.

— Afadhali hukuleta birika, alisema Dada Birika. Ningekumwagia hili la moto.

— Kwa hiyo sasa tumebaki na pointi ngapi? aliuliza Asilimia.

— Hatuna.

— Umemwoza bibi harusi kwa glasi! alisema Breki.

— Glasi za maji baridi, alisema Dada Birika. Na baridi yenyewe hakuna.

Walizitazama glasi zile. Kwa kweli zilikuwa glasi nyepesi, za kuvunjika Jumatatu ukizinunua Jumapili. Fundi Saa alizirudisha ndani ya boksi moja moja.

— Miezi minane, alisema Asilimia. Mke wangu hajanunua hata pilipili humu ndani kwa miezi minane.

— Hata pilipili? Dada Birika aligeuka. Ina maana nyumba yako nzima? Watu tisa?

— Si ndiyo tulivyokubaliana?

— Tulikubaliana kununua kule, ndiyo. Lakini mimi nilijua wewe utaacha kitu hapa. Unga hata. Mimi nilihamisha sukari na maziwa ya kopo nikijisemea, sukari yangu peke yake haiwezi kuliangusha duka la mtu, wenzangu bado wapo.

— Kilo ishirini kwa mwezi haziangushi duka?

— Nilijua wewe upo!

— Mimi nilijua Breki yupo, alisema Asilimia. Ana mabinti wanne.

— Mabinti wangu wote wako kwenye kadi, alisema Breki kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake. Mpaka mkwe. Mimi nilitegemea Fundi. Nikasema Fundi amekaa hatua tatu kutoka dirishani, huyo hawezi kumpita Mizani na mfuko wa supamaketi.

Wakamtazama Fundi Saa.

Fundi Saa alijaribu kukumbuka. Alikumbuka kiberiti mwezi jana, mvua ilipokuwa kubwa. Alikumbuka mshumaa, siku umeme ulipokatika. Sabuni, chai, mchele, dawa ya mbu, vyote alivileta kutoka kilimani, na alikuwa akizunguka nyuma ya nyumba ya pili ili asipite na mfuko mbele ya dirisha. Alikuwa akizunguka hivyo miezi minane, na kila mara alijisifu moyoni kwa jinsi anavyotunza siri ya zawadi.

— Nilinunua kiberiti, alisema.

Hakuna aliyemcheka. Mteja mkubwa wa mwezi, mla sukari, mvaa nepi, mwenye mgongo na nywele nyeusi, miezi minane nyuma alikuwa mteja wa Mizani. Duka lote lilisimama juu ya mtu huyo mmoja, nao walimchukua kwa mkono wakampandisha kilima.

— Tumwambie, alisema Dada Birika. Tumwambie leo hii.

— Tumwambie nini? aliuliza Asilimia. Kwamba tulikuwa tunamsaidia?

— Tumwambie ukweli, na kesho kila mtu arudi hapa kununua. Basi.

— Mimi narudi leo, alisema Breki. Nanunua unga sasa hivi. Fimbo ya mbali haiui...

Hakuimaliza. Mizani alikuwa ametoka mlangoni, kitambaa begani. Alionekana mtulivu, kama mtu aliyelala vizuri baada ya siku nyingi za kukosa usingizi.

— Dada Birika, mimina tena kwa wote. Leo nalipa mimi.

— Wote? Breki alichangamka bila kukusudia, maana kikombe cha bure kilimkuta na mazoea yake. Heri yako, Mizani! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mwenyeji amekwisha kupona, alisema Mizani akitabasamu. Sogeeni kidogo.

Hakuwa na kawaida ya kukaa. Walisogea, akaketi kati ya Breki na Fundi Saa, na ubao ukalia kwa uzito mpya. Dada Birika alimpa kikombe, akakishika kwa mikono miwili.

— Namalizia leo, alisema. Nimeshamwambia mwenye nyumba. Kuna dada anakuja kukiangalia chumba. Vitu vilivyobaki ndugu yangu wa shambani atavichukua, na mimi nitakwenda naye. Kwa hiyo kahawa hii ni ya kuagana.

Asilimia alikuwa anatazama viatu vyake.

— Ghafla hivyo? alisema Dada Birika.

— Si ghafla, dada yangu. Ni kidogo kidogo. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kwanza nilisema ni friji. Lakini friji ni maziwa na soda tu. Sabuni haihitaji baridi, unga hauhitaji baridi, na navyo havitoki.

Alikunywa funda moja.

— Nimejiuliza sana, maana mtaa haukuhama, watu ni walewale. Nikasema labda ni mizani. Nimeibeba mara mbili kwenda kupimwa. Mara mbili wakaniambia iko sawa. Lakini mtu hawezi kujijua. Mkono unazeeka, jicho linazeeka, unaona mshale umesimama kumbe haujasimama. Kwa hiyo nilitaka niseme, kabla sijaondoka: kama kuna mmoja wenu niliwahi kumpunja, hata gramu moja, na akaona vibaya kuniambia, naomba anisamehe.

Aibu ilimshika Fundi Saa mpaka masikio yakamchemka. Alitaka kusema, Mizani, hujampunja mtu. Alitaka kusema, tulikuwa tunakutafutia friji. Aliyapanga maneno hayo kichwani, akayasikiliza, na yalivyosikika yalikuwa mabaya kuliko tusi: rafiki yetu, tulikununulia zawadi, na bei yake ilikuwa duka lako.

— Wewe huna kosa, Mizani, ndilo lililotoka.

— Asante, ndugu yangu. Nimefurahi kusikia.

— Ndiyo dunia, alisema Breki, ambaye hakuwahi kuvumilia kimya kirefu. Alimshika Mizani bega, akitafuta cha kumfariji, akachukua iliyokuwa karibu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dada Birika alifumba macho. Fundi Saa aliisikia kadi ya supamaketi kwenye mfuko wa shati, ngumu, imemkaa kifuani.

— Kweli kabisa, alisema Mizani, kwa adabu, kama alivyozoea kuzipokea methali za Breki.

Aliyewaokoa, au ndivyo walivyodhani, alikuwa dada mmoja aliyeshuka upande wa barabara akiwa na utepe wa kupimia umeviringishwa mkononi. Alikuwa amevaa sare ya kiwanda cha nguo, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la kutembea mbali.

— Shikamooni wazee. Mwenye chumba nimemkuta?

— Marahaba. Ni mimi, alisema Mizani, akainuka upesi. Karibu sana, binti. Ngoja nikuwashie taa, ndani kuna giza kidogo. Nimesogeza maboksi ili upime vizuri.

Akaingia. Yule dada alibaki mlangoni akipima upana wa kizingiti, akaandika kwenye kiganja kwa kalamu. Kisha akawageukia waliokaa, akapunguza sauti, maana alikuwa mtu mwenye heshima zake.

— Samahani, niwaulize jambo moja. Nataka kuhamishia hapa cherehani zangu mbili. Naacha kazi kiwandani, kwa hiyo nikikosea hapa sina pa kurudi. Huyu mzee ameniambia ukweli wake, hakunificha. Ameniambia anafunga kwa sababu wateja wameisha.

— Ndiyo, alisema Asilimia.

— Ndipo nashangaa. Hii ni siku ya tatu napita hapa, asubuhi na jioni, kuangalia kama pana watu. Na kila nikipita nawakuta nyinyi. Mko hapa mlangoni kwake, mnacheka naye, mnamwita ndugu. Wanne, na kila mmoja bila shaka ana watu nyumbani. Sasa nyinyi sukari na sabuni zenu mlikuwa mnanunua wapi?

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa na kalamu yake tayari juu ya kiganja, kama vile jibu nalo ni kipimo cha kuandika.

Dada Birika aliinua birika, akalikuta tupu, akalirudisha juu ya mkaa. Asilimia alikohoa. Breki alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu benchi liwepo hakuna methali iliyotoka, wala nzima wala iliyovunjika. Fundi Saa aliona wote wamemgeukia yeye, kwa kuwa kadi ilikuwa yake.

Ndani ya duka taa iliwaka. Mizani alikuwa amesimama nyuma ya yule dada, mkono bado kwenye swichi, na alikuwa amelisikia swali. Hakumwita binti aingie. Alisimama palepale akiwatazama wenzake, akisubiri naye ajibiwe.